Adhiambo na Ule Mlango

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, Kawangware yote ni matope, lakini mimi leo sina la kulalamikia.

Jana niliona filamu ambayo mdogo wangu Adhiambo ameigiza.

Alipopata hiyo nafasi aliniambia tu, "Mimi ni jirani. Naongea kidogo." Nikajua filamu imetoka kwenye riwaya, nikaitafuta mpaka nikaipata Soko la Toi kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada limechanika. Niliisoma saluni, mteja mmoja akitoka kabla mwingine hajaketi. Tamu! Ila nilipofika kwa huyo jirani, utamu ukaniishia. Ndiye anayemfungia mlango msichana mjamzito aliyefukuzwa kwao, mvua ikinyesha. Mwandishi hamhurumii hata kidogo. Nikamchukia.

Halafu nikaogopa. Filamu ingeonyeshwa ukumbini Kibera, mbele ya watu waliomlea Adhiambo. Wangemtazama vipi kesho yake?

Jana nikaketi na Mama. Adhiambo akajificha viti vya nyuma. Sehemu yenyewe ikafika: msichana akabisha, Adhiambo akafungua. Kitabuni jirani anafunga papo hapo. Dada yangu hakufunga. Alimtazama msichana, akageuka kutazama watoto wake waliolala chini wamebanana, akarudisha macho kwenye mvua.

"Hapa hakuna nafasi," akasema.

Akafunga polepole. Tukamwona kwa ndani, mkono bado umeshika komeo, hawezi kuliachilia.

Riwaya nzima haikuwa imenionyesha kwamba huyo mwanamke naye alikuwa anaogopa.

"Yawa, huyu ni Adhis wetu kweli?" Mama akaninong'oneza, machozi yanamtoka.

Taa zilipowashwa, watu walimzunguka wakimpigia makofi. Mama mmoja kutoka mtaa wa Highrise, ambaye hatumjui, akapenya katikati yao, akamshika mikono. Nikadhani anataka kumgombeza.

"Msichana wangu," akasema, "hata mimi nilishawahi kumfungia mtu mlango hivyo."

Adhiambo akamkumbatia, wakasimama hivyo mpaka wenye ukumbi wakaanza kukusanya viti.

Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni. Kuwaona watu hivi, alijifunza lini, na mimi nilikuwa natazama wapi?