Gari ya Pine Sita

Butembo, 6 mwezi wa pili 2023

Baba,

Asalaam aleikum. Nakusalimia sana, wewe na shemeji Sifa na batoto yote yaya alimuachia. Magoti yako yanaendelea namna gani na hii baridi? Mimi niko muzima, na kazi ya garage inaendelea.

Tangu tumuzike yaya Fadhili, mukubwa wangu, hupokei simu zangu, ni mwaka na miezi minne sasa. Ndiyo maana hii barua nimemupatia dereva wa basi.

Baba, niko natengeneza gari. Unajua kule juu ya Mutwanga, mvua ikinyesha pikapu inaishia kwa daraja. Kutoka hapo kakao inabebwa kwa mugongo, na bagonjwa kwa machela. Yaya na mimi tulikuwa tumechora gari ya pine sita, tairi tatu kila upande, zote sita zinazungushwa na injini. Pikapu ya kuanzia nimeipata. Kinachokosekana ni pont ya tatu, ile chuma nzito ya chini inayozungusha pine mbili za nyuma kabisa. Lazima meno yake yalingane na ya pont ingine, kama hapana zitapigana mpaka zivunjike. Yenye kulingana ninayoijua ni moja tu, na iko kwa kiwanja yako, kwa pikapu ya yaya, chini ya turubai.

Naomba, Baba.

Mutoto wako,
Vagheni


Beni, Beu, 20/2/2023

Vagheni,

Wa aleikum salaam. Huku ni wazima. Magoti ni uzee tu.

Pikapu ile ilimuua kaka yako. Breki zake ulizifunga wewe, Jumatatu asubuhi, na Jumanne tukamzika. Leo unataka kuifungua tena uchukue vipande? Hapana. Itakaa palepale mpaka nife. Usitume mtu, wala usije mwenyewe.

Baba yako,
Mashaka


Butembo, 11 mwezi wa tano 2023

Baba,

Salaam nyingi. Nasikia kuko malaria mingi Beni, natumaini batoto balilala vizuri chini ya moustiquaire, ile chandarua.

Sikuandikii kwa kuomba tena. Nataka tu ujue kazi inaenda. Kitsa, mwenye kuunga vyuma, alinisaidia kukata shasi na kuirefusha karibu mita moja. Tuliweka pont ya aina ingine. Siku ya kwanza ya kujaribu ilitoa sauti kama mutu anatafuna mawe, meno yakakatika yote. Kitsa alicheka, mimi nilikaa chini.

Uliandika kwamba breki nilizifunga mimi. Ni kweli. Hata siku moja sikukataa.

Mutoto wako,
Vagheni


Beni, 2/9/2023

Vagheni,

Salaam aleikum. Watoto waliugua malaria, lakini walipona.

Wiki iliyopita alikuja mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Nilikuwa nimechoka kuliangalia lile turubai kila asubuhi, nikamwambia achukue vyote. Alipoweka msumeno kwenye mlango wa dereva, Sifa alitoka jikoni na mikono yenye unga. Akaniambia, "Baba, kama ni kukatwa, ikatwe na ndugu ya Fadhili." Yule mtu nikamrudisha.

Pont inakuja na kamyo inayobeba mbao. Usiniandikie asante.

Baba yako


Butembo, 19 mwezi wa kumi na moja 2023

Baba,

Nakusalimia kwa heshima. Hukutaka asante, basi siiandiki.

Kupeleka nguvu ya injini mpaka kwa pont ya tatu kulinishinda wiki sita. Mara tatu arbre, ile chuma ndefu inayozunguka, ilivunjika. Ya ine ikashika. Jumatano tulipanda juu ya Mutwanga, matope ya mvua ya siku mbili chini yetu. Nyuma kulikuwa magunia, muzee mumoja mugonjwa anarudi kwake kutoka hospitali, na mama mumoja mwenye kulima kakao, Mama Orpa. Kwa ule mupando wa udongo mwekundu pine za mbele zilizama. Za katikati zikazunguka bure. Gari ikaanza kurudi kinyume, na chini ni mto. Mama Orpa akapiga kelele, "Vagheni, usiachie!" Ndipo nikasikia za nyuma kabisa zinauma udongo. Zile ni za yaya, Baba. Zilitusukuma polepole mpaka juu. Nililia, lakini sikuachia.

Ijumaa, kwa kurudi, nilipita Beu. Nilisimama mbele ya mulango wako na injini inawaka. Nilipiga honi mara mbili. Viatu vyako vilikuwa kwa baraza. Nilingoja, kisha nikaenda.

Mutoto wako,
Vagheni


Beni, 28/1/2024

Mwanangu Vagheni,

Asalaam aleikum warahmatullah. Nakuuliza afya yako, na ya Kitsa pia. Mimi silali vizuri.

Ile Ijumaa nilikuwa nyuma ya mlango. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Nilisikia injini, nikajua ni yako kwa namna unavyoiacha ipumue ukisimama. Sikufungua, na si kwa hasira.

Ile Jumatatu Fadhili alinipigia simu akiwa kwenye garage yako. Aliniambia plaketi, zile pedi za breki, zimelika, mpya zitafika Jumatano. Nilikuwa na kabichi za watu zinaoza. Nilimwambia, "Kama unaogopa mteremko, leta funguo nimpe dereva mwanaume." Hivyo ndivyo nilivyomwambia mtoto wangu. Saa nne akatoka. Saa saba wakanipigia.

Kwenye mazishi nilikunyooshea kidole wewe mbele ya watu wote, kwa sababu kidole lazima kingeelekea mahali.

Nisamehe, kama unaweza.

Baba yako,
Mashaka


Butembo, 10 mwezi wa tatu 2024

Baba,

Salaam. Niko muzima. Kitsa anakusalimia.

Nilijua. Simu ya yaya ilikuwa juu ya boneti, kwa haut-parleur, sauti inasikika inje, sababu mikono yake ilikuwa na mafuta. Nilisikia kila neno. Yaya alinitazama, akasema tu, "Funga zilezile za zamani, nitaenda polepole." Nikafunga. Ningeweza kukataa, ningeweza hata kuficha funguo. Donc basi, na mimi nimo.

Kwa mazishi nilikuona namna ulikuwa unasimama, nikasema huyu muzee akisikia nasema mbele ya batu, atakufa leo. Nikanyamaza. Lakini, Baba, nilichoka. Nilingoja uiseme mwenyewe. Sasa umesema, na nilifikiri nitapata kupumua, kumbe yaya bado hayuko.

Bado kuna mutu mumoja hajui. Mwambie shemeji Sifa, umwambie mwenyewe na kinywa chako. Akitaka, anipigie simu.

Mutoto wako,
Vagheni


Beni, 3/4/2024

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima.

Nilimwambia Sifa Jumapili, baada ya adhuhuri. Alikuwa anachagua maharagwe. Hakuacha. Aliyachagua mpaka ungo ukaisha, akanawa mikono, ndipo akauliza, "Na Vagheni alijua?" Sikutaka kuongeza uongo mwingine. Nikasema alijua.

Akasema, "Basi nyinyi wote mulijua. Ni mimi peke yangu nilikuwa nalia bila kujua ninacholilia."

Hakupaza sauti, wala hakunitukana. Kesho yake alifunga vitu vya watoto, wakapanda pikipiki mbili, wakarudi kwa wazazi wake. Alisema kwa sasa hataki kusikia sauti yangu wala yako. Kwa hiyo usingoje simu, mwanangu, na usimpigie. Makosa tumeyafanya sisi wawili, na yeye ana haki yake.

Nyumba imenyamaza. Napika ugali wangu mwenyewe, unaungua chini.

Njoo utakapopata nafasi. Usipige honi, ingia tu.

Baba yako,
Mashaka