Miaka Kumi ya Vidole Vinane

5 Januari

Mwanangu,

Natumaini hujambo, na kwamba kiwanda cha fanicha hakijakumaliza. Sisi wazima, ila magoti yangu yanalalamika kila asubuhi. Nimewasimulia mafundi habari za mashine zako za kukatia mbao, zinazojua sifuri na moja basi. Nikawaambia zinanishinda umaskini wa vidole. Walicheka sana.

Sasa tulia usome. Karakana nimemkabidhi kaka yako. Najua niliandika kwamba nitakutunzia miaka 10. Lakini unajua hesabu ya nyumba hii: msumeno ulinilia vidole viwili, nikakufundisha kuhesabu kwa vinane vilivyobaki. Baada ya saba inakuja 10. Basi miaka 10 yetu ilitimia mwezi uliopita, na hukurudi. Sikuvunja neno langu.

Baba yako

2 Februari

Baba, shikamoo.

Pole kwa magoti. Mimi afya ninayo, furaha ndiyo sina.

Darasa la kwanza niliandika saba jumlisha moja ni 10, mwalimu akanikosesha. Ukaniambia mwalimu ana vidole vingi kupita kiasi, nami nikakuamini wewe. Vipimo vyote vya karakana tuliviandika hivyo. Fundi jirani alipochungulia 60 yetu, ambayo ni arobaini na nane, alitengeneza kabati likagoma kuingia mlangoni kwa mteja. Tulicheka wiki nzima, wewe na mimi. Kaka hajawahi hata kushika randa. Leo mchezo huohuo umeutumia kunipiga chenga.

Nimeitoa ile karatasi. Mwandiko ni wako: “Binti yangu ana miaka 20. Nitamtunzia karakana miaka 10. Akitimiza 30 ni yake.” Haya, tuhesabu kwa vidole vyako. 30 ni nane mara tatu, yaani ishirini na nne. Mimi nina ishirini na nane. Basi karakana ni yangu tangu miaka minne iliyopita, na umegawa kitu kisicho chako. Kwa vidole kumi, muda wangu bado miaka miwili. Chagua hesabu unayoitaka, Baba. Kwa zote mbili umenidhulumu.

Binti yako

20 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nimechelewa kujibu.

Siku ile niliandika kwa vidole kumi. Nilijua, na ulijua. Kaka yako alikuja na mkewe, wakakaa sebuleni, akasema yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii. Nikashindwa kumwambia hapana. Nikatafuta pa kutokea, nikapapata kwenye mchezo wetu. Nilidhani utacheka. Naona aibu, mwanangu. Rudi tuzungumze, nitamwomba aachie.

Baba yako

11 Julai

Baba, shikamoo.

Nashukuru umesema kweli. Usimwombe kaka kitu.

Kunyang’anywa ningevumilia, watu wananyang’anywa kila siku. Lakini ulinitazama ukajua ni wapi nakuamini bila kuuliza, ukaingilia hapohapo. Hilo linaniuma hadi leo.

Nimepata chumba nyuma ya kiwanda, nimeweka meza ya kazi na msumeno. Jana nilipokea oda ya kabati la kwanza, la mwalimu mmoja. Vipimo vyake nimeviandika ukutani kwa hesabu ya watu wote.

Magoti yakandwe kwa maji ya moto.

Binti yako