Wavu wa Kwanza Palipokuwa na Mtambo

Morven we, nimeishiwa nguvu. Si unakumbuka baba alivyoapa kwamba mtambo wa mafuta ukiondolewa baharini, yeye ndiye wa kwanza kuvua pale kampuni ilipotukataza?

Leo tumetupa wavu. Umepanda na tope jeusi linalonuka dizeli. Dizeli, Morven!

Na samaki wakubwa hujapata kuona! Baba akawasugua kwa sabuni ya vyombo. Akawanusa. Akasugua tena.

Nikaipigia kampuni simu. Jamaa akanijibu bila wasiwasi, "Tunalijua. Ni tope la dizeli la kuchimbia visima; tukilichokoa litasambaa, ndiyo maana tumeliacha."

Tunalijua!

Samaki wote tumewamwaga.

Sasa tumefika bandari ya Peterhead. Bibi Wilma kasimama gatini na bakuli, anangoja kitoweo chake kama kila tukirudi. "Mmeniletea wale wakubwa baba yako alioniahidi?"

Baba kajifungia kwenye chumba cha injini. Kaniachia mimi nimjibu.