Mshale Uliogoma Kupanda

Dada yangu mpenzi,

Huku tunapumua, na mimi mjomba mtu nimezidi kupendeza. Ukinikuta barabarani utanipisha ukidhani bosi. Mwanao naye karefuka, suruali za mwaka jana zimegeuka kaptura.

Jana nilimpeleka kliniki ya pumu, akapuliza kile kidude cha kupimia nguvu ya mapafu. Mshale ukasimama palepale pa mwaka jana. Nikapiga makofi: "Hajashuka hata kidogo! Si kalelewa na mimi?"

Daktari hakucheka. "Kijana, mtoto akikua, mapafu nayo hukua, na mshale hupanda. Huyu kaongeza kimo, pumzi imebaki ileile. Mapafu yake yanaachwa nyuma."

Akauliza tunalala wapi. Nikamjibu, chumba cha nyuma ya karakana yangu ya useremala. Akatazama vumbi la mbao kwenye nywele zangu, akaandika kwenye kadi ya mtoto: "Vumbi." Mimi, dada, mwenye mdomo kama cherehani, nikabaki kujikung'uta kichwa.

Njiani mwanao akaniuliza, "Mjomba, nimefeli?"

Nikamwambia aliyefeli si yeye.

Njoo umchukue. Nguo zake nimeshazifua, nimezianika kwa jirani, mbali na vumbi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi