Nakoroma Nikiwa Macho

Mshauri, ikiwa umenizidi umri, shikamoo, na ikiwa sivyo, marahaba. Nina miaka sitini na minne na nimechoka, nataka dawa ya usingizi, maana kwa miaka ishirini na saba nilikuwa mlinzi wa usiku katika hoteli moja huko Kikambala, nikastaafu mwezi wa Machi nikarudi kwetu, na tangu nirudi usingizi haunijii mpaka alfajiri, basi nikawa natoka na tochi yangu, nazunguka boma, naangalia mbuzi, najaribu kufuli kama nilivyozoea kazini, nikidhani simsumbui mtu.

Agosti mtoto wa Mwambire, mwana wa marehemu kaka yangu, alifariki kwa homa, na pale matangani mdogo wake Mwambire, Jimmy, akasema mbele ya watu, "Sisi sote tukilala, kuna mmoja halali. Atembeaye usiku na tochi anatafuta nini?" Watu wakacheka, lakini hakuna aliyenitazama.

Tangu siku hiyo sitoki. Nalala macho wazi, na nikisikia nyayo nje nakoroma makusudi ili wajue nimelala. Mke wangu Kahonzi huniambia, "Baba Idah, koroma kama mtu, hiyo ni tuktuk iliyokosa petroli," tunacheka kidogo, kisha tunatega masikio nje, maana nyayo zimekuja mara tatu sasa, na juzi zilisimama dirishani. Binti yetu Idah, anayekaa Malindi mjini, anataka nipake kanta kuficha mvi, tena anatuita kwake, lakini nikienda nitaonekana nimekimbia, na Jimmy, ambaye tangu mwaka jana anadai nimkatie nusu ya shamba la mikorosho, atawaambia watu, "Si mnaona?"

Nitajie vidonge, mshauri. Nikilala, maneno yatakwisha.

Ziro, Kaunti ya Kilifi
(majina yote tumeyabadilisha)

JIBU

Shikamoo, Mzee Ziro. Umenizidi kwa miaka sita. Nambari uliyoandika nimeipiga mara tatu haipatikani, kwa hiyo nakujibu hapa.

Vidonge sikutajii. Mtu ambaye nyayo zinasimama dirishani kwake hapaswi kulala fofofo. Umeuliza la usingizi, na la kufa ukalitia katikati ya barua kana kwamba ni habari ya mbuzi.

Kukesha kwako si uchawi. Mwili uliofundishwa kukesha miaka ishirini na saba hausahau kwa miezi michache. Pole kwa hilo, lakini nina hakika mchana unalala, nawe ndiwe unayelizidisha. Acha. Amka saa kumi na mbili hata kama hukulala, chai isipite alasiri, na baada ya mwezi kama huoni nafuu, mwone daktari. Hilo litapona.

La Jimmy halitapona lenyewe. Nimeandika habari za mazishi ya wazee waliouawa kwa kuitwa wachawi kwa miaka mingi, na nimeona yakianza hivyo hivyo: neno matangani, kicheko, kisha nyayo. Mwambire amefiwa, na huzuni yake ni ya kweli. Jimmy anataka mikorosho. Kanta haimzuii mtu aliyekwisha kulipima shamba lako kwa macho.

Unaogopa kuonekana umekimbia. Mzee wangu, ungekuwa zamuni, ukaona watu wamesimama dirishani mwa mgeni, ungejikunyata ukakoroma? Ungepiga simu.

Basi leo, jua likiwa bado juu, nendeni kwa Idah wewe na mama, na msiage jirani yeyote. Hati ya shamba mwende nayo. Kesho asubuhi piga ripoti polisi, usiondoke bila nambari ya OB, kitabu chao cha matukio, kisha umpelekee chifu. Taja maneno ya Jimmy kama alivyoyasema, siku aliyoyasema na waliokuwapo. Taja na zile nyayo, usiku kwa usiku.

Jimmy atasema umekimbia. Mwache aseme. Afadhali hayo kuliko hotuba atakayoitoa kwenye mazishi yako.