Mafuta ya Ndizi Bila Ndizi

Jumatano, 1 Oktoba

Kemia ogani itaniua. Leo maabara tulitakiwa kupika mafuta yanayonukia ndizi. Unachanganya asidi na spiriti, unachemsha. Mvuke unapanda kwenye bomba la glasi lililozungukwa na maji baridi, unapoa, unarudi chini. Maji baridi – Lodwar! Saa nane mchana mfereji wetu unatoa maji ya kupikia chai. Mvuke wote ukatokea dirishani. Chuo kizima kikanukia ndizi. Chupa yangu na mwenzangu Ereng ikabaki na uji mweusi. Mbuzi wakaja mlangoni.

Madam wetu, Daktari Namuria, akasema tukishindwa tena hakuna alama ya maabara, na bila hiyo tunarudia mwaka. Ereng akauliza kama mbuzi wanahesabika kama ushahidi. Hawahesabiki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ereng kaja na ndoo ya barafu kutoka kwa wauza samaki. Barafu yenye magamba! Tukapitisha maji yake pembeni mwa bomba. Madam akaingia, akasimama, akauliza: Hii ni maabara au soko?

"Samaki wanapita nje, madam," Ereng akasema. "Ndani hawaingii."

Ikakubali! Mafuta angavu kabisa, kachupa kadogo. Nilitaka kulia. Halafu umeme ukapotea, mizani ikazima. Madam atapima Jumatatu. Kabati halina kufuli na juzi chupa ya wenzetu ilitembea. Yetu naenda nayo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikukuu. Niko nyumbani, kambini Kakuma. Mama bado anaamini nafundishwa kupika pombe – mtu wa kwaya alimwambia kitabu changu kimejaa neno alkoholi. Alifungua daftari langu akaona michoro ya pembe sita.

"Christelle, siku nzima mnachora senyenge ya kuku?"

Nikafungua kachupa. Akanusa. Akanusa tena.

"Ni weye umefanya hii? Bila ndizi?"

Bila ndizi, Mama.

Akamwita jirani, Mama Sylviane. Wakanusa kwa zamu, macho yamefumbwa. Sijawahi kumwona Mama akinitazama vile. Nililala nikitabasamu kama mjinga.

Jumapili, 12 Oktoba

Mungu wangu!!

Mama kamimina mafuta kwenye kilemba chake cha kwaya. Yote! Anasema kazi ya mtoto wake lazima ifike mbele za Bwana. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma kanisani, najiuliza ndizi inatoka wapi.

Ubeti wa pili – nyuki. Kutoka kwenye miti ya mathenge ya nje, moja kwa moja mpaka waimbaji wa sauti ya kwanza, kwa Mama. Kwaya ikapasuka. Mchungaji Firmin alitokea dirishani na Biblia yake, bila kuharibu joho. Mpiga ngoma kadungwa sikio, ndiye pekee. Mama akavua kilemba, akakisukuma ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, akafunga kifuniko na kukikalia. Akamalizia wimbo hapo hapo, peke yake.

Nimesoma kitabu jioni: nyuki akikasirika hutoa harufu hii hii kuita wenzake vitani. Iko ukurasa unaofuata tulipoishia. Ukurasa mmoja!

Kachupa – kavu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama ana kibali cha kutoka kambini kuja kliniki ya macho Lodwar, tukasafiri pamoja. Nikamwambia aende kliniki. Kakataa. Yeye ndiye kaimwaga, yeye ataeleza.

Ereng aliposikia akakaa chini kwenye mchanga. Nikadhani analia. Anacheka! "Iandike kwenye ripoti! Imejaribiwa na nyuki!"

Madam akauliza sampuli iko wapi. Nilifungua mdomo, Mama akatangulia, akaweka mkebe mezani, akasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Daktari. Kazi ya watoto iko humu. Fungua polepole."

Akafungua. Maabara nzima – ndizi! Madam akatazama kilemba, akanitazama mimi, akamtazama Mama muda mrefu. Nikaanza kuuaga mwaka. Kisha akavaa miwani ya maabara. Akasema kilichoingia kwenye kitambaa kinaweza kutoka, na kwamba hajawahi kujaribu kwa kilemba.

Naandika haraka, mkono mmoja umeshika bomba. Mama kavalishwa koti jeupe, linamfika magotini. Kilemba kiko ndani ya chupa kubwa, moto umewashwa. Anauliza kwa mara ya tatu kama rangi itachuja. Madam anasema hajui. Wote wawili wameinama, wanangoja tone la kwanza. Lile pale – naacha kalamu!