Inchi Tatu za Kwotabeki Wetu

Bi Verna mpendwa wa safu ya ushauri, nisaidie, nakuandikia nikiwa na furaha nyingi na aibu kidogo, maana huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nafundisha futiboli ya Kimarekani sekondari ya Sorrel Flats hapa Texas, na sijawahi kupata kwotabeki, yule anayeongoza mchezo na kurusha mpira, kama Brannon Stuckey, kijana wa miaka kumi na saba ambaye kabla mpira haujaanzishwa ameshajua ni nani anakuja kumwangusha, anabadilisha mpango mzima kwa maneno mawili, na anarusha mpira mwenzake hajageuka bado, akigeuka tu unamkuta mikononi. Chuo kidogo cha Dunlow kimempa nafasi ya kusoma bure na kucheza, wanataka jibu Jumatatu kwa sababu kuna mwingine anaisubiri, na Brannon ameshaanza kuvaa kofia yao.

Sasa kosa langu ni hili, kwenye kijitabu cha mechi makocha wote huku huwaongezea vijana urefu, nami nikamwandika futi sita na inchi mbili wakati hata avae njumu hafiki sita, tena kwenye video tuliyowatumia vyuo nikakata mirusho yote ya siku za upepo, maana mkono wake, nasema kwa uchungu, hauna nguvu ya kufikisha mpira mbali upepo ukivuma. Basi kocha wa chuo kikubwa ameiona na anakuja Ijumaa, na baba wa kijana, Royce, rafiki yangu wa kuvua samaki, amenikamata dukani akaniambia, "Kocha, wewe funga domo tu, akifika atampenda mwenyewe," na amemkataza mwanawe kuwajibu Dunlow. Nikisema ukweli nampoteza rafiki, nikinyamaza kijana anaweza kukosa kote. Nifanyeje?

Kocha, Sorrel Flats

Kocha wangu, nimecheka, halafu nikakasirika. Mtu mzima unamrefusha mtoto wa mwenzako kwa kalamu! Na usiniambie wote hufanya hivyo. Hao wote hawakuniandikia.

Pole, naona unampenda kijana. Lakini huyo mgeni anakuja na macho yake. Atasimama kando ya Brannon na hapo hapo atajua, na akishajua umemdanganya urefu, hata lile la kweli, kwamba kijana anausoma mchezo kuliko watu wazima, hataliamini. Hapo ndipo unapomwumiza.

Sasa sikiliza. Leo kabla ya mazoezi mvue viatu, msimamishe ukutani, mpime. Mpigie huyo kocha umpe kipimo hicho, umtumie na mechi nzima ya siku ya upepo, usikate kitu. Akisema bado anakuja, muulize kama atatoa jibu kabla ya Jumatatu. Akisema haji, mshukuru.

Kisha nenda kwa Royce, si dukani, nyumbani kwake, Brannon akiwepo mezani. Mweleze mkono ulivyo na kichwa kilivyo. Atafoka. Mwache afoke, mtarudi kuvua samaki tu. Akimaliza, mgeukie kijana umuulize anataka kucheza wapi, na nyinyi wawili mnyamaze mpaka amalize kujibu. Nimeisoma barua yako mara mbili, Kocha, na sijaona mahali alipoulizwa.